Hatua Mia Kila Saa

Usiku wa kuamkia safari

Mwalimu wangu wa uchoraji si mtu wa kupaza sauti. Wiki iliyopita alisimama mbele ya ukuta nilioujaza kazi zangu za muhula mzima, akaanza kunyoosha kidole na kutaja wasanii wengine. Magunia makuukuu yaliyoshonwa pamoja: hayo ya Ibrahim Mahama. Vifuniko vya chupa vilivyofungwa kwa waya mpaka vikalala kama kitambaa: hivyo vya El Anatsui. Vivuli vya watu vilivyokatwa kwenye karatasi nyeusi: hivyo vya Kara Walker. Alipofika kwenye kona akashusha mkono. "Umenipitisha kwa majirani wote," akasema. "Kwako hatujafika." Akachukua kikombe chake, akaondoka.

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikakiri moyoni kwamba kasema kweli. Sikuiba kwa makusudi. Lakini mtu anayetazama kazi hamsini za watu kwenye simu kabla hajanawa uso, mkono wake huzoea kuitikia tu.

Basi nimeamua kwenda kutembea. Siku tano, kufuata mto kutoka kwenye daraja la juu mpaka unapoingia baharini, kama kilomita mia kwa makadirio yangu. Na hata dawa hii nimeiazima, maana wazo la kutembea kama sanaa nililitoa kwa msanii Mwingereza, Richard Long. Nacheka mwenyewe ninapoandika.

Vifaa nimevitengeneza jioni hii. Ubao wa plaiwudi wenye ukubwa wa sinia, unaoning'inia kifuani kwa mkanda. Juu yake vijiti viwili: kimoja kimebeba mzingo wa karatasi, kingine kinaupokea. Karatasi ina upana wa vidole vinne na urefu wa mita ishirini. Nimeikata mwenyewe vipande vya mita moja moja na kuviunga kwa gundi. Kanuni ni moja. Kila saa, simu ikilia, nitatembea hatua mia penseli ikiwa juu ya karatasi, kidole gumba cha kushoto kikivuta karatasi polepole. Sitachora chochote. Nitashika penseli tu, mwili ufanye utakavyo. Nikifuta, nimevunja kanuni.

Siku ya kwanza

Tumeondoka darajani saa moja asubuhi. Nimefuatana na mwenzangu wa darasa anayesomea uchongaji, mtu asiyeiamini sanaa yoyote ambayo haiwezi kukuponda kidole cha mguu ikikuangukia. Anasema amekuja kupunga upepo.

Hatua mia za kwanza zilikuwa za aibu tupu. Watu wawili wa baiskeli walisimama kunitazama nikipita na ubao kifuani kama mchuuzi asiye na bidhaa. Nilitarajia mstari wenye mawimbi mazuri, unaofanana na mto. Nilichopata ni kama mwandiko wa mtu mwenye homa: mguu ukitua penseli inaruka, inarudi, inaruka tena. Mara tatu imetoka nje ya karatasi kabisa na kuparuza ubao. Nimekereka, nikajaribu kukaza kiwiko. Mstari ukanyooka na kufa. Nimelegeza tena.

Kufikia saa nane mchana nilikuwa na karibu mita nne na bega linalouma. Nilikuwa pia na furaha ya kijinga, ile ya kudhani umegundua kitu.

Usiku mwenzangu amekaa akiutazama mzingo kwa tochi. "Huyu si yule mzee wa treni?" Akanionyesha kwenye simu yake. William Anastasi, Mmarekani. Tangu miaka ya 1970 alikuwa akipanda treni za chini ya ardhi za New York kwenda kucheza sataranji na mtunzi wa muziki John Cage, na njiani huweka ubao mapajani, penseli mkono huu na huu, anafumba macho, treni inachora. Michoro yake ina vichaka viwili vya mistari, kimoja kwa kila mkono, na ni mizuri mno.

Yaani nimetembea kilomita ishirini nyuma ya mtu aliyekuwa amekaa.

Siku ya pili

Nimeamka nataka kurudi nyumbani. Mwenzangu akaniambia nirudi kama nataka, yeye anaendelea kupunga upepo. Nimevaa ubao.

Leo nimewaza sana juu ya Long. Mwaka 1967, akiwa bado mwanafunzi katika chuo cha Saint Martin's huko London, aliingia kwenye uwanja wa nyasi Wiltshire, akatembea kwenda na kurudi juu ya mstari mmoja mpaka nyasi zikalala na mwanga ukauonyesha. Akapiga picha nyeusi na nyeupe. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Nyasi, bila shaka, ziliinuka baadaye. Nilipoiona picha hiyo mara ya kwanza nilidhani nimeielewa yote kwa nusu dakika. Leo, baada ya siku moja na nusu ya miguu, najiuliza maswali ya kipuuzi ambayo picha haijibu. Alikwenda na kurudi mara ngapi? Viatu vililowa umande? Kuna wakati alijiona mpumbavu, akageuka kutazama kama kuna mtu?

Mwenzake wa chuo, Hamish Fulton, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1973 alitembea maili 1,022 kwa siku 47, kutoka ncha ya kaskazini mashariki ya Uskoti mpaka ncha ya kusini magharibi ya Uingereza, na baada ya hapo akaamua kwamba hatafanya tena kazi yoyote ya sanaa isiyotokana na kutembea. Nimepiga hesabu njiani: ni karibu kilomita 35 kwa siku, siku arobaini na saba mfululizo. Sisi ishirini tu zimetuvunja viuno.

Karibu na adhuhuri tumekutana na kundi la watu wenye mizigo ya kuni kichwani, wanawake wengi, na vijana wawili. Wakatusalimu. Mmoja akauliza, "Mnapima barabara?" Nikamwambia natembea tu, nachora kutembea. Akaniangalia kwa huruma. "Sisi tunatembea kila siku," akasema, "na hakuna anayetuchora." Wote wakacheka, nasi tukacheka, wakatupita bila jasho.

Neno hilo limenikaa kama mwiba. Watu wengi duniani hutembea kwa sababu hawana njia nyingine, na hakuna jumba la sanaa linaloning'iniza kuni zao. Kutembea kwa Long na Fulton ni kutembea kwa mtu ambaye angeweza kupanda basi. Na kwangu mimi pia. Sidhani hilo linafanya kazi zao kuwa uongo, ila siwezi tena kuzitazama kana kwamba njia ni ya bure kwa kila mtu.

Usiku huu nimewarudia wawili waliotembea kwa sababu nyingine. Mona Hatoum, mwaka 1985, alipita mitaa ya Brixton, London, miguu mitupu, huku buti nzito za aina ile waliyovaa polisi zimefungwa kwa kamba zake kwenye vifundo vya miguu, zikiburuzika nyuma yake kama askari asiye na mwili. Na Regina José Galindo, mwaka 2003, alitembea katika Jiji la Guatemala kutoka Mahakama ya Katiba hadi Ikulu ya Taifa akiwa na beseni la damu ya binadamu. Kila baada ya hatua chache anaweka beseni chini, anachovya miguu, anaendelea. Alikuwa akipinga Efraín Ríos Montt, aliyetawala kijeshi miaka ya 1982 na 1983, wakati wa mauaji makubwa ya raia, asigombee urais. Kazi inaitwa *¿Quién puede borrar las huellas?*, yaani nani awezaye kufuta nyayo. Nilizijua kazi hizi kwa mtihani. Leo nimezikumbuka kwa kisigino, maana kisigino changu cha kushoto kimeota lengelenge kubwa kama kitufe cha koti.

Siku ya tatu

Mvua.

Ilianza saa nne asubuhi na haikukata mpaka jioni. Kosa ni langu mtupu: mzingo uliokwisha kuchorwa niliutia kwenye bomba la plastiki, na bomba nikaliacha bila kifuniko kwa sababu nilikuwa naingiza na kutoa karatasi kila saa na kufungua kifuniko kulinichosha. Maji yakaingia. Nilipogundua, penseli haikuwa imefutika, maana risasi ya penseli haiogopi maji. Ila gundi yangu iliogopa. Maungio yote yakaachia. Nilikuwa na mto mmoja wa karatasi, sasa nina vipande kumi na viwili, na hata kimoja sikukiandika nambari mgongoni.

Nimetukana kwa sauti. Mwenzangu akasubiri nimalize, kisha akaniuliza kama ile kazi ya barafu haikuwa na maana kwa sababu barafu iliyeyuka. Anaizungumzia kazi ya Francis Alÿs, Mbelgiji anayeishi Mexico. Mwaka 1997 alisukuma pande kubwa la barafu katika mitaa ya Jiji la Mexico kwa zaidi ya saa tisa. Mwanzoni anainama kwa mwili mzima kulisukuma, mwishoni analipiga kwa ncha ya kiatu kama mtoto na kopo, mpaka likabaki doa la maji. Tulioitazama filamu tunaona dakika tano tu. Saa zile nyingine zilibaki mgongoni mwake.

"Barafu ilipangwa iyeyuke," nikamjibu. "Gundi yangu haikupangwa."

"Ile ya mchanga je?"

Ile ya mchanga ni ya 2002, nje ya Lima, Peru. Alÿs aliwapanga watu wa kujitolea 500 kwa mstari mmoja, kila mtu na sepetu, wakapanda tuta la mchanga wakilichota na kulirusha mbele, wakalisogeza lote kwa kiasi cha sentimita kumi. Nilipomweleza hesabu hiyo mwaka jana, mwenzangu alicheka mpaka akakohoa. Sentimita kumi! Upepo si ungeisogeza bure? Leo yeye ndiye anayenitajia kwa faraja. Watu hubadilika wakilowa.

Tumelala kwenye banda tupu la kuhifadhia nyavu. Nimetandaza vipande kumi na viwili sakafuni vikauke, kila kimoja nimekiwekea jiwe. Vimekunjamana. Sijui kipi ni cha juzi, kipi cha jana.

Siku ya nne

Asubuhi mwenye banda, ambaye ndiye mvushaji wa kivuko, amekuja akatukuta tumepiga magoti sakafuni tukibishana. Tukamwamkia, akaitikia, akauliza tumepoteza nini.

Nikamweleza. Nilidhani atacheka kama wale wa kuni. Badala yake akachuchumaa, akaegemeza kiganja juu ya goti, akatazama kipande kimoja kwa muda mrefu, kisha kingine. Akaniambia, "Simama, tembea kidogo." Nikatembea mpaka mlangoni na kurudi.

"Mguu wa kushoto," akasema.

"Lengelenge, mzee."

Akaweka kucha kwenye karatasi. "Hapa ulikuwa mzima. Ona, panda, shuka, panda, shuka, zinalingana. Hapa umeanza kuuhurumia mguu." Akasogeza kucha kwenye kipande kingine. "Na hapa unachechemea kabisa. Moja fupi, moja ndefu. Moja fupi, moja ndefu."

Nilikuwa nimeutazama mstari ule siku tatu, nikauona ni fujo moja. Baada ya kuonyeshwa sikuweza tena kutouona. Kila hatua ya kulia ilikuwa na mruko mpana, mtulivu. Kila ya kushoto ilikuwa kikwaruzo kifupi chenye ncha, mkono ukishtuka kabla ya mguu kugusa chini. Vipande vinne vilikuwa na hatua zinazolingana. Hivyo vya siku ya kwanza. Viwili vingine vilianza sawa vikaishia upande mmoja. Asubuhi na mchana wa siku ya pili. Tukavipanga kwa kuchechemea, kutoka kwenye mguu mzima mpaka kwenye mguu mbaya. Kumi vimepata mahali. Viwili vimekataa, mzee akavishika mkononi, akavigeuza, akasema hivi ulikuwa unatembea kwenye tope, tope humfanya kila mtu kiwete. Vimebaki pembeni.

Tulipokuwa tukivuka nilimsimulia habari za Stanley Brouwn, msanii aliyezaliwa Paramaribo, Suriname, akahamia Amsterdam mwaka 1957. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akiwasimamisha wapita njia, anawapa karatasi na kuwaomba wamchoree njia ya kufika mahali fulani, kisha anaigonga muhuri wenye maneno *this way brouwn*. Wengine walichora ramani nzima, wengine kijistari kimoja. Pia aliwahi kutandaza karatasi barabarani watu na baiskeli wazipite, nazo zikabaki na alama zao. Baadaye akaanza kuhesabu hatua zake mwenyewe na kuzihifadhi kwenye kadi ndani ya kabati za chuma. Hakupenda kupigwa picha wala kuhojiwa. Mzee akasikiliza huku akivuta kamba. "Alifika alikokuwa anakwenda?" akauliza.

Nikakosa jibu. Mwenzangu akacheka peke yake mpaka ng'ambo.

Alikataa nauli. Aliomba tu kipande kimoja cha karatasi, nami nikakata nusu mita ya mchana huo, hatua mia za kutoka gatini kwake. Ameikunja, ameitia mfukoni mwa shati. Sijui ataifanyia nini, na sikumuuliza.

Siku ya tano

Tumetembea haraka, maneno machache. Mto umepanuka, umepunguza mwendo, matete yamezidi, na upepo una chumvi. Lengelenge limepasuka saa tatu asubuhi. Maumivu yakapungua na mstari ukabadilika tena, ukawa mlegevu, kama mtu aliyemaliza kulia. Nimeona mwenyewe safari hii, bila kuonyeshwa.

Mwenzangu ameniuliza kama tutaachana baharini kama Abramović na Ulay. Hao ni wasanii waliokuwa wapenzi. Walianza kutembea mwishoni mwa Machi 1988 juu ya Ukuta Mkuu wa China, mwanamke kutoka mashariki baharini, mwanamume kutoka magharibi jangwani, kila mmoja kama kilomita 2,500. Walipopanga safari hiyo walitaka wakutane katikati waoane. Vibali vilichukua miaka, mapenzi hayakusubiri, na walipokutana baada ya siku 90 walikumbatiana na kuagana. Nimemwambia sisi tumetembea upande mmoja, kwa hiyo tumekosa drama.

Saa nane simu ikalia kwa mara ya mwisho. Mbele yetu mchanga, kisha maji. Nikaanza kuhesabu. Kwenye hatua ya sitini na moja kidole gumba kilivuta, hakikupata kitu. Karatasi ilikuwa imekwisha. Nilisahau kuhesabu nilichomkatia mzee.

Ningeweza kusimama. Nilichokuwa nimejiwekea ni hatua mia, basi nikaendelea, penseli ikikwaruza ubao mtupu, hatua thelathini na tisa zote mahali pamoja, moja juu ya nyingine, mpaka viatu vikaingia maji.

Wiki moja baadaye

Nimeunga vipande upya kwa uzi badala ya gundi, na nimevitundika studio kwa urefu wa kifua, kwa sababu ndipo ubao ulipokuwa. Viwili vya tope nimevitundika peke yake ukuta wa pili. Ubao niliuegemeza chini karibu na mlango, pamoja na viatu, nikiwa na nia ya kuusafisha.

Mwalimu aliingia na kikombe chake. Nilimwamkia, akaitikia, akatembea kando ya mstari wote bila neno. Karibu na kipande cha tano niliona anaanza kupunguza mwendo, na sikuweza kujua kama anasoma au anafikiria mambo ya nyumbani kwake. Alipofika mwisho alisema jina la Anastasi. Nikasema ndiyo. Akasema na Brouwn. Nikasema ndiyo, na yeye.

Akageuka kuondoka. Mlangoni akasimama, akainama, akauinua ubao na kuupeleka dirishani. Katikati umebaki ukanda mweupe wa vidole vinne ambapo karatasi ilipita siku tano. Pande zote mbili pameiva weusi: kila mahali penseli ilipotoka nje ya karatasi na kunikera, jiwe kwa jiwe, shimo kwa shimo, pameng'aa kama chungu kilichosuguliwa. Na ndani ya ule weupe, fundo moja dogo jeusi la hatua thelathini na tisa, lililochimba mbao mpaka nyuzi zikainuka.

Akapitisha kidole juu yake, akautazama weusi uliobaki kwenye kidole.

"Hiki umekichora lini?" akauliza.